Nachonga Mtu Bila Kuchonga Sura Yake

Hapa Zanzibar ukisema wewe ni mchongaji, swali linalofuata ni "milango au vitanda?" Ni swali la haki. Uchongaji uliotujengea jina uko kwenye milango ya Mji Mkongwe, kwenye masanduku na kwenye vitanda vya besera. Nikijibu kwamba nachonga vitu visivyofunguliwa wala kulaliwa, na kwamba vingi navitia rangi nikishavichonga, mtu hunyamaza kidogo kisha huuliza la pili: "Kwa hiyo masanamu?" Swali hilo la pili nimeishi nalo tangu ujana. Sikulikimbia, na mengi ninayoyajua kuhusu kazi hii nimeyapata kwa kukaa nalo.

Nimezaliwa Pemba, upande wa Wete, katika nyumba ya watu wa karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuibakisha ya Pemba, na tangu hapo sisi ndio wenye karafuu nyingi. Kwa hiyo mtoto wa kwetu hujifunza rangi wakati wa msimu, kabla hajashika penseli. Karafuu huletwa nyumbani na makonyo yake, usiku watu hukaa duara wakaichambua, asubuhi ikaanikwa. Siku ya kwanza jamvi lina ukijani uliochanganyika na uwaridi. Siku ya pili limeingia wekundu wa tofali. Jua likiwa kali, siku ya nne au ya tano karafuu imekauka, kahawia inayokaribia weusi, na ukiikunja inakatika kwa mlio. Na kwa kuwa kila jioni huja mavuno mapya, ua mzima huwa na majamvi ya umri tofauti yaliyolala bega kwa bega, kila moja na rangi yake. Kazi yangu mimi ilikuwa kukimbia kuyakunja mvua ikitishia. Mpaka leo nikipanga rangi katika kazi moja napanga hivyo: rangi moja katika hatua zake za kukauka. Rangi nyingi zinazogombana huniumiza macho.

Bibi yangu alisuka mikeka. Ukindu wake aliuchemsha mwenyewe, na kwa weusi alitumia mizizi ya mdaa, ingawa dukani rangi za unga zilikuwa zimejaa tele na rahisi. Weusi wa mdaa si weusi wa rangi ya dukani. Umeingia ndani ya jani, na mkeka ukichakaa weusi nao unachakaa pamoja nao, haubanduki. Alisuka ukili akizungumza na watu, vidole vinahesabu peke yake, macho yako uani kwa kuku. Nikimuuliza atajuaje mahali nakshi inapogeuka, alisema, "Mkono unajua, mjukuu wangu. Nikiutazama sana utakosea." Nilimwona akisuka hata usiku taa ikiwa imezimwa.

Baada ya skuli nilivuka kwenda Unguja nikakaa kwa ami yangu Ng'ambo, naye akanipeleka kwa fundi wa milango. Ami alitaka nipate kazi ya mikono itakayonilisha. Habari za sanaa hakuna aliyezitaja. Karakana ilikuwa uchochoroni, mbao za mninga na za mfenesi zimeegemezwa ukutani, sakafu haionekani kwa maranda. Miezi ya mwanzo sikuchonga kitu. Nilinoa. Patasi, bobari na juba, zote zilipita kwenye kinoo chenye mafuta mpaka zikubalike, na fundi alizipima kwa namna moja tu: alizipitisha juu ya malaika ya mkono wake mwenyewe, bila maji wala sabuni. Yakinyolewa, sawa. Yakilala, alinirudishia bila kusema neno. Makali mabaya, nilikuja kuelewa, hayakati nyuzi za mti, yanazing'oa, na nakshi iliyong'olewa huonekana imechoka hata kabla haijatoka karakana.

Nilipopewa mbao, nilipewa kwanza kazi ya kuondoa. Fundi huchora ua kwa penseli na bikari moja kwa moja juu ya ubao. Mwanafunzi haligusi ua. Anashuka pembeni mwake, unene wa nusu kidole, anaondoa kilicho nyuma na kusawazisha, mpaka jani lisimame lenyewe. "Wewe huchongi ua," aliniambia. "Unaliondolea kilicholizonga." Nilifanya kazi hiyo ya nyuma kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka, na leo naona ndiyo iliyonifanya mchongaji. Nilizoea kutazama pale pasipokuwa na kitu.

Halafu kuna samaki. Katika milango ya zamani ya Mji Mkongwe, chini kabisa ya miimo, zile nguzo za pembeni za mlango, mara nyingi amechongwa samaki, na wapita njia wengi hawamwoni. Siku moja fundi alinichuchumalisha mbele ya mlango mmoja wa mtaa wa Malindi akaniambia nitafute jicho lake. Halikuwepo. Magamba yalikuwa yamepangwa safu kwa safu mpaka yakawa vijani. Mapezi yalijikunja yakawa mwanzo wa shina, na shina lile likapanda na mwimo mpaka juu, likitoa majani huku na huku, likapita kwenye kizingiti cha juu na kuteremka upande wa pili. Pale ambapo pangekuwa na kichwa paliota ua. Ukiambiwa ni samaki, unamwona mara moja. Usipoambiwa, unaona bustani. Fundi aliyechonga mlango ule alikuwa mtu wa pwani. Samaki alimjua kwa kumla, kwa kumvua na kwa kumpara magamba. Alimtia mlangoni bila kumpa uso, na samaki hakupungukiwa na chochote.

Wanaotembeza wageni husema samaki ni wingi na uzazi, mnyororo ni ulinzi, mtende ni neema. Huenda. Fundi wangu hakunifundisha hata moja katika hayo. Alinifundisha nafasi: kwamba jani likikaribiana mno na jani jingine mlango unasongeka, yakiachana mno mlango unalegea, na kwamba mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mwanya wa mbao mbili, ndio wa kuchonga mwisho, mkono ukiwa tayari umeshaujua mlango wote. Naheshimu maana za watu, lakini nikiri kwamba moyo wangu uko kwenye nafasi.

Nilipoanza kuchonga vya kwangu, nje ya kazi za karakana, baba aliingiwa na wasiwasi. Nilikuwa nimerudi Pemba kwa Sikukuu, nikamkuta amesikia kwamba mwanawe yuko mjini anatengeneza masanamu. Akanipeleka kwa maalim aliyenisomesha chuo cha Kurani. Nilitarajia kukaripiwa. Maalim alitoa kahawa, akanisomea hadithi ya Ibn Abbas iliyomo katika Sahihi Bukhari. Mtu mmoja alimjia Ibn Abbas akamwambia kwamba riziki yake inatokana na kazi ya mikono yake, naye hutengeneza picha. Ibn Abbas akamweleza aliyoyasikia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie: mwenye kutengeneza picha ataadhibiwa mpaka aipulizie roho, naye hataweza kamwe. Yule mtu akashikwa na hofu, uso ukampauka. Ndipo Ibn Abbas akamwambia, ikiwa huna budi, basi shika miti hii, na kila kisichokuwa na roho.

Maalim aliishia hapo. Hakuongeza fatwa yake. Baba alitoka pale ametulia, na mimi nilitoka nikiwa nimepewa kazi ya maisha mazima. Kisichokuwa na roho ni kingi mno: miti yenyewe, mawe, maji, herufi, vyombo vya jikoni, vizingiti, ngazi, makasia. Na vingi kati ya hivyo vimeshikwa na watu, vimekaliwa na kukanyagwa na watu, mpaka vimechukua maumbo yao.

Hili nililiona wazi bibi alipofariki. Watu waligawana kanga zake na mikufu. Mimi niliomba mbuzi yake ya kukunia nazi. Ni kitu cha mti mmoja, kimekunjwa kati, chuma kimetokeza mbele. Kikalio chake kilikuwa kimeshuka zaidi upande wa kushoto, maana bibi goti la kulia lilimsumbua, akakaa kwa kuegemea miaka yote ile. Mguu wa mbele ulikuwa na kidimbwi kidogo alipozoea kukaza kisigino. Karibu na chuma, pale tui na machicha yaliporukia kila siku, mti ulikuwa umekunywa mafuta ya nazi ukang'aa, rangi ya asali mbichi, ilhali nyuma ulikuwa umepauka kijivu. Nyumbani hatukuwa na picha yake hata moja. Lakini ukiitazama mbuzi ile unajua uzito wake, upande aliokaa, goti lililomuuma, na mkono uliokuna.

Niliichora kwanza, kwa makaa, kutoka kila upande, hasa kile kishimo cha kikalio ambacho mwanga ukiingia kwa pembeni huonekana kama kimetoka kuachwa sasa hivi. Kisha nikachukua gogo la mfenesi nikachonga kikalio hicho peke yake, bila miguu wala chuma, kikubwa kuliko mtu mzima, bonde lake limeshuka kushoto. Shangazi yangu alipokiona aliweka kiganja ndani ya lile bonde na kumtaja mama yake kwa jina. Sikuwa nimemwambia ni nini. Tangu siku hiyo sijawa na shaka na njia yangu.

Mfenesi nimeutaja, na ni lazima niuseme zaidi kidogo, kwa sababu watu huniuliza kwa nini situmii msaji kama milango ya wakubwa wa zamani. Msaji uliletwa kwa majahazi kutoka Bara Hindi, na hata siku hizo ulikuwa mti wa wenye mali. Mfenesi umo mashambani mwetu. Unapoupasua ni wa manjano kabisa, manjano ya kiini cha yai, na utomvu wake unanata kwenye patasi mpaka uipake mafuta. Ukikaa kwenye hewa na mwanga unaanza kukolea, manjano yanaenda kwenye kahawia, na baada ya miaka huwezi kuamini ni mti ule ule. Kwa hiyo kazi ya mfenesi haijakamilika siku ninapoiuza. Namwambia mnunuzi hivyo: rangi hii unayoipenda leo itaondoka, itakuja nyingine, na mimi nimechonga kwa ajili ya ile itakayokuja. Wengine hughairi. Wanaobaki ndio wateja ninaowataka.

Namna ya kuchagua mti nimejifunza kwa mafundi wa vyombo. Ukienda Nungwi, au kwenye fukwe zetu za Pemba, utawakuta wanaunda mashua bila ramani yoyote ya karatasi. Wanaanza na mkuku, ule uti wa chini wa chombo, wanapanda na mbao, na yakifika mataruma, zile mbavu za chombo, hawakunji mti ulionyooka. Wanatafuta tawi lililokwishakua na mkunjo ule. Fundi mmoja nilimfuata shambani nikamwona akizunguka mwembe, amefumba jicho moja, akilinganisha tawi na mbavu ambayo bado haikuwepo. Mti uliokua umepinda nyuzi zake zimepinda nao, kwa hiyo hauvunjiki pale bahari inapousukuma. Uliolazimishwa kwa msumeno nyuzi zake zimekatwa njiani, na pale ndipo unapopasuka. Nami sichongi mkunjo ambao mti hauna. Nikiwa na wazo la kitu kilichoinama, linangoja ndani ya daftari mpaka nipate mti ulioinama. Mawazo mengine yamengoja miaka.

Mafundi hao hao wananiuzia mbao za vyombo vilivyokufa. Ni mbao ngumu kuzifanyia kazi, zina chumvi, zina mchanga unaoua makali ya patasi, na harufu ya sifa, yale mafuta ya ini la papa waliyozipaka, haitoki kamwe. Lakini ziangalie kwa karibu. Kila msumari wa chuma umeacha duara jeusi kuuzunguka, kwa sababu kutu hukutana na tanini iliyomo ndani ya mti, vikazaa weusi usiofutika. Wadudu wa baharini wametoboa vijitundu vya duara, na tundu likikaribia jingine linapinda kulikwepa. Kuna sehemu makasia yamesugua mpaka mti ukalainika. Mchoro mkubwa tayari umo. Ninachoongeza mimi ni kidogo. Hukata mistari michache ya kina ambayo inafuata madoa ya misumari, nikajaza mistari hiyo chokaa. Basi.

Chokaa ndiyo nyeupe yangu, na sina nyingine. Kwetu chokaa hutokana na matumbawe: huchomwa kwa magogo katika tanuri mpaka yageuke, kisha humwagiwa maji yakaungua tena bila moto, na inayotoka hulowekwa. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Sitaki mtu achome matumbawe kwa ajili yangu, bahari ina shida za kutosha, kwa hiyo napata ile inayobaki kwa mafundi wanaotengeneza majumba ya Mji Mkongwe. Nimekaa na mafundi hao na wamenifundisha kuta. Kuta za kale ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa na udongo, zinanyonya maji na kuyatoa. Ukizipaka saruji, maji yanaingia na hayatoki, plasta inavimba, inaanguka vipande, na ndani jengo linaoza. Upana wa vyumba nao ulipimwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, ilipoanguka, jumba lililojengwa mwaka 1883 enzi ya Sultan Barghash, na watu wawili wakapoteza maisha, nilisimama Forodhani nikatazama kifusi. Mawe, chokaa na chuma vilikuwa nje vinaonekana, vitu vile vile vinavyojaa karakana yangu. Nililia, sioni haya kusema. Kazi yangu baada ya hapo ilikuwa nyeupe na nyekundu ya udongo kwa muda mrefu, bila rangi ya tatu.

Nikitia rangi, naitia juu ya alama za patasi. Sipigi msasa. Chokaa haishiki vizuri kwenye mti uliolainishwa. Inataka mikwaruzo ya kushikilia. Nyekundu yangu ni udongo wa shambani uliochujwa kwa kitambaa, nyeusi ni masizi, na manjano naachia mti. Lakini rangi ninayoihangaikia kuliko zote ni kivuli. Vichochoro vya mjini ni vyembamba kusudi jua lisikae, na mlango uliochongwa hupata jua la pembeni kwa kitambo kifupi tu kwa siku. Kitambo hicho nakshi yote huamka, kila jani linapata upande wake mweusi. Kwa hiyo karakanani nafanya kazi dirishani, ubao umesimama wima kama utakavyosimama ukutani, na kabla sijaongeza rangi yoyote nauliza kama kivuli hakitoshi. Mara nyingi kinatosha.

Katika kazi zote za mchongo visiwani, ninayoirudia kuitazama ni mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani. Ina maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu, yenye mwaka 500 Hijria, ambao ni sawa na 1107. Yamechongwa kwenye tumbawe. Tumbawe likitolewa baharini likiwa bichi ni laini, unaweza kulikata kwa kisu, kisha likikaa kwenye hewa linakuwa gumu. Yule fundi alikuwa na muda mfupi wa kusema alichotaka kusema, jiwe lingemfungia. Herufi zake zimesimama wima, zimesukana juu, hazina haraka hata chembe. Hakuna mtu aliyechongwa pale, na nikisimama mbele yake nahisi kuna mtu.

Sasa niseme la upande wa pili, kwa sababu sitaki kudhaniwa nakataza sura. Pale Mkunazini, kwenye uwanja wa kanisa la Kianglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, kuna kumbukumbu ya mchongaji wa Kiswidi, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Watu watano wamesimama ndani ya shimo, minyororo shingoni, chini ya uwanja tunaokanyaga. Nimekwenda pale nikiwa na kanuni yangu mfukoni na kanuni ikanyamaza. Watu wale walinyimwa majina na kuhesabiwa kama mizigo. Mtu wa namna hiyo ukimwakilisha kwa kiti kitupu utakuwa umemwondoa mara ya pili. Alihitaji uso, na amepewa.

Jambo hilo hilo naliona kwa msanii Lubaina Himid, aliyezaliwa hapa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza, na mwaka 2017 akapata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza. Katika kazi yake ya mwaka 2004, Naming the Money, alisimamisha watu mia moja wa mbao bapa zilizokatwa na kupakwa rangi, ukubwa wa binadamu, Waafrika waliokuwa watumwa katika majumba ya wafalme wa Ulaya, kila mmoja akiwa na jina lake la asili na kazi yake. Nimeiona kwa picha tu. Lakini imenikata kiu kwa sababu nyingine pia: je, ni uchoraji au uchongaji? Mbao imekatwa, imesimama, unaizunguka, na uso wake ni rangi. Miaka mingi watu walinitaka nichague upande mmoja. Msanii wetu wa Tanzania, George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, alitoka kwenye uchongaji wa Kimakonde akaja kwenye rangi, na ukitazama michoro yake unaona mstari wa mtu aliyewahi kushika patasi: unazunguka mwili, hausiti. Wamakonde wenyewe wako hapa mjini, jirani zangu wa kazi, na mpingo mikononi mwao hunifanya nisimame. Ile minara ya watu wanaobebana waliyoiita ujamaa ina uzito na haki ya safu za mataruma. Mimi sichongi hivyo. Wao wanachonga hivyo, na ni vizuri duniani kuwe na wote.

La kuishi kwa kazi hii nitalisema kwa ufupi. Nimewahi kupaka michoro ya kuuza dukani, twiga na tembo, kwa mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwaka 1968 kwa ubao wa bei ndogo na rangi za baiskeli. Yeye alifanya kazi ile miaka minne tu kabla ya kufariki mwaka 1972, na alichokiunda kinalisha familia mpaka leo. Ilinipa mkono mwepesi na kodi ya chumba. Kinachonisikitisha ni vijana kuambiwa na wenye maduka wasibadilishe hata rangi ya mbingu. Kijana mwenye jicho akirudia mbingu moja mwaka mzima, jicho linalala. Nawaambia wapake ya dukani asubuhi, mchana wawe na ubao wao ambao hauuzwi.

Siku hizi nina wanafunzi kadhaa, na aliye hodari kuliko wote ni binti wa kwetu Pemba. Ananoa vizuri kuliko nilivyonoa mimi kwa umri wake. Alimaliza kazi ya nyuma, akamaliza majani, akachonga kawa la chakula kwa namna iliyonifanya nimwite mke wangu aje aone. Kisha akaja na daftari. Anataka kumchonga mama yake, kichwa na mabega, na mtandio umeteremka shingoni kama anapotoka shambani. Nikamsomea hadithi niliyosomewa, mpaka mwisho, na sikuongeza fatwa yangu, kwa kuwa sina elimu hiyo. Akasikiliza kwa adabu. Akasema ameizungumza na mama yake na maalim wake, na kwamba ameshaitafakari, na kwamba mbuzi ya bibi yangu ilimtosha bibi yangu, lakini mama yake yeye kila alichokikalia kilikuwa cha kuazima.

Sikuwa na jibu, wala sikulitafuta. Nina gogo la mfenesi linalokauka chini ya benchi, pana la kutosha kichwa cha mtu mzima. Nimempa. Ameshalipasua upande mmoja, na wiki hii ananoa.